Wasifu wa Futi, Aliyepima Kifundo Chake Mwenyewe

Familia inawatangazia rasmi ndugu, jamaa, majirani, wateja waliokwisha kuchukua nguo zao na wateja ambao bado hawajazichukua, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo huu kupata ugonjwa wenye tarakimu ndani ya jina lake. Ugonjwa huo huwakuta zaidi watoto na vijana, na ni nadra kiasi kwamba daktari alisema ukikusanya watu milioni moja, kwa mwaka mzima utapata mgonjwa mpya mmoja, labda wawili. Ukoo wetu haujawahi kushinda bahati nasibu ya aina yoyote. Hii ndiyo tuliyoshinda. Marehemu alipopewa taarifa hiyo, akiwa na miaka kumi na minne na mashavu kama mito ya kulalia, alimuuliza daktari kama mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kukosa mtihani wa hisabati.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1995, saa kumi na moja alfajiri, akiwa binti, mtoto wa pili na wa mwisho katika familia yetu. Hospitali iliandika kwamba alikuwa na urefu wa sentimita hamsini. Mama yetu, ambaye ni fundi cherehani na haamini vipimo vya mtu mwingine, alimpima upya kwa futi yake ya kitambaa na kupata arobaini na nane. Baba yetu, karani wa bohari, alifariki marehemu akiwa na miaka sita, na tangu hapo tukabaki watatu: mama, marehemu, na mimi kaka yake ninayewasomea haya.

Jina la Futi alilipata akiwa na miaka minne, alipokataa kulala bila futi ya mama shingoni. Alipima mkate, mlango, paka wetu, na paka alipokimbia, akapima mahali alipokuwa amelala. Siku moja alinikalisha kwenye kigoda, akanipima masikio yote mawili na kutangaza mbele ya wageni kwamba la kushoto limezidi kwa milimita tatu. Nimehakikisha ukubwani. Ni kweli.

Elimu ya msingi alianza mwaka 2002 na kumaliza 2008, akiwa mwembamba na mbishi. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo, akijaribu soksi mpya za sekondari, aliona mpira wa soksi umemwachia mtaro mguuni. Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyelia usiku kucha, wakati alikuwa amelala fofofo. Shangazi alipokuja kututembelea alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Wifi, hongera. Mtoto ameanza kujaa." Mama alifurahi. Kwa miaka kumi na tatu alikuwa akiambiwa kwamba hamlishi vizuri.

Marehemu hakufurahi. Alichukua futi, akapima kifundo cha mguu: asubuhi sentimita ishirini na moja, jioni ishirini na nne. Akapima tena kesho yake, na keshokutwa. Akaandika yote kwenye daftari la mistari ya miraba, tarehe upande wa kushoto, kama mama alivyoandika vipimo vya wateja. Tarehe 4 Januari 2009 aliniletea daftari hilo. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, mwaka wa kwanza, na nilikuwa nimelala kwenye kochi nikipumzisha elimu.

"Kaka, mguu wangu unaongezeka sentimita tatu kila siku, halafu unarudi."

"Unakua."

"Nakua, halafu nakuwa mdogo tena?"

"Futi imelegea."

"Futi ni ya mama." Alisimama hapo hapo. "Na mkojo wangu una povu. Kama maji ya kufulia."

"Umekunywa sabuni?"

Hakucheka. Mama aliuliza kutoka kwenye cherehani, bila kuondoa mguu kwenye pedali, "Msomi wetu anasemaje?"

Ndugu waombolezaji, wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati ya chuo nikisubiri dawa ya kikohozi, na ukutani kulikuwa na bango. Nusu yake ilifichwa na kabati. Nusu niliyoisoma ilikuwa na picha ya uso uliovimba na neno "aleji".

"Ni aleji, mama," nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyekula kiapo.

Ikawa aleji. Nyumba isiyokuwa na baba ilikuwa na mtoto chuo kikuu, na mtoto wa chuo kikuu alikuwa amesema. Mama aliacha kununua mayai mwezi ule ule. Machi akatoa blanketi la sufu. Aprili, kwa agizo langu la simu, paka akahamishiwa kwa shangazi ndani ya kikapu, analia njia nzima. Kila mguu ulipopungua sentimita moja nilijipongeza, na ulipoongezeka nilitafuta kitu kingine cha kutoa nyumbani. Julai marehemu aliugua koo, na baada ya siku mbili mkojo ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Alinipigia simu mwenyewe. Nikamwambia anywe maji mengi. Akaandika kwenye daftari: "Kaka amesema maji." Maneno hayo yapo mpaka leo, kwa kalamu ya bluu, kati ya ishirini na mbili na ishirini na tano na nusu.

Tarehe 27 Novemba 2009 alianguka mstarini shuleni, kichwa kikimuuma na macho yakiona ukungu. Mwalimu wake wa sayansi alimpeleka zahanati, mama akafuata mbio na pini zikiwa bado kwenye kola. Nesi alipima presha, akapima tena kwa mkono mwingine. Akachovya kijiti kwenye mkojo, kikabadilika rangi. Akachovya cha pili, kikawa vile vile.

"Anatumia dawa gani?" nesi akauliza.

"Hatumii. Ana aleji."

"Nani amesema?"

"Mwanangu. Yuko chuo kikuu."

"Anasoma udaktari?"

"Sheria," mama akasema.

Nesi aliandika barua ya rufaa, na mama anasema kalamu ilikuwa inatoboa karatasi.

Katika hospitali ya rufaa marehemu alichomwa sindano ndefu mgongoni ili kuchukua kinyama cha figo, na Januari 2010 tukapewa jina. Daktari wa figo, mwanamke aliyevaa miwani yenye kamba, alilieleza kwa utaratibu. Ndani ya damu kuna askari wa kinga wa kupigana na vijidudu. Wakimaliza kazi wanatakiwa kurudi kambini. Wa marehemu walikuwa hawarudi. Walikuwa wanaendelea na vita isiyokuwepo, na mabaki yao, kitu kinachoitwa C3, ndicho kilichoupa ugonjwa jina, yanarundikana kwenye vichujio vya figo na kuviharibu.

"Nani anatakiwa kuwaambia vita imeisha?" marehemu akauliza.

"Hapo ndipo penye tatizo," daktari akasema. "Anayewaambia ndiye asiyesikika."

Kisha daktari akaomba historia ya ugonjwa. Marehemu akatoa daftari kwenye mfuko wa shule. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akalitolea nakala, akasema hajaletewa historia nzuri kama ile mwaka mzima, pamoja na zilizoandikwa na madaktari. Halafu akavua miwani. "Hili lilikuwa wapi miezi yote hii?"

"Nyumbani," marehemu akasema. "Chini ya redio."

Hakunitazama. Mama pia hakunitazama. Daktari hakunifahamu, kwa hiyo yeye ndiye pekee aliyenitazama. Baadaye nilimfuata kwenye korido, nikamuuliza kama miezi kumi na moja ilikuwa na maana yoyote. Alisema dawa za presha zikianza mapema huzipa figo muda. Nikamuuliza muda gani. "Labda miaka," akasema. "Labda hakuna. Ugonjwa huu hauna ratiba." Nimeishi na hizo labda mbili miaka kumi na minne, na hakuna hata moja iliyotangulia kuondoka.

Chuo kikuu niliacha Machi mwaka huo, mwaka wa pili. Wapo waliosema ni kwa uchungu wa mdogo wangu, nami sikuwasahihisha. Leo nawasahihisha: nilikuwa nafeli.

Marehemu alirudia kidato kimoja kwa sababu ya kulazwa, akamaliza sekondari mwaka 2013. Dawa alizopewa zilimvimbisha uso upya, na shangazi akasema, "Sasa amepona, ona mashavu." Mwaka 2014 aliingia chuo cha ufundi kusomea ushonaji, akahitimu 2015 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza, alisisitiza mpaka mwisho, alikuwa na cherehani ya umeme.

Mwaka 2016 mama alimwachia nusu ya chumba cha mbele, chenye madirisha mawili, meza ya kukatia na kioo kilichopasuka kona. Alisifika kwa mambo mawili. La kwanza, aliacha pindo nene ndani ya kila nguo. "Mwili hauulizi ruhusa," aliwaambia wateja waliolalamika. La pili lilianza Agosti 2017, figo zake zilipokwisha kabisa na akaanza kusafishwa damu kwa mashine, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa saa nne nzima kila mara, kiti namba nne karibu na dirisha. Aliona wagonjwa wakivua blauzi nzima ili wachomwe sindano mkononi, wanawake watu wazima wakijifunika kwa kanga na mikoba. Akarudi nyumbani akashona shati lenye vifungo kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka begani. Wiki ya pili manesi walileta oda ya mashati kumi na manne. Wapo hapa leo waliolivaa shati hilo, na nawaona.

Vifungo vile vilishonwa kwa mkono na mama, kwenye benchi la korido, mashine ikiendelea na kazi yake ndani. Mama alikaa kwenye benchi hilo miaka mingi kuliko baadhi ya wafanyakazi wa hospitali walivyokaa kazini. Alijua bomba lipi linatoa maji na mlango upi haufungi. Alijifunza kuyapunguza maji ya kunywa ya mwanawe kwa kikombe cha dawa bila kumpa hasira, kazi ambayo mimi niliijaribu mara moja nikatupiwa kikombe. Mama alikuwa ameona macho yale yamevimba kabla yangu. Alikuwa amehisi kitu. Aliniamini mimi kuliko alivyojiamini yeye, na tangu siku ile ya nesi mpaka leo hajawahi kuniambia hata nusu ya neno kuhusu hilo.

Tarehe 15 Desemba 2018 marehemu alifunga ndoa na fundi wa majokofu, ambaye alikuja kupunguza suruali moja na akaendelea kuleta suruali ambazo hazikuhitaji kupunguzwa. Ya tano ilipofika, marehemu alizungumza naye.

"Fundi, hizi suruali zitakwisha utembee na kaptula. Sema shida yako."

"Nimekupenda."

"Mimi ni wa hospitali. Siku tatu kwa wiki."

"Mimi natengeneza mashine," bwana harusi akasema. "Mashine haijawahi kunitisha."

Gauni la harusi alijishonea mwenyewe, na ndani ya mshono wa kila upande aliacha akiba ya sentimita sita. Siku yenyewe alikuwa amevimba. Alifumua sentimita nne asubuhi, akaenda kuolewa kwa wakati, na hakuna mgeni aliyejua. Watoto hawakujaliwa.

Tarehe 6 Mei 2019 alipandikizwa figo. Ilikuwa yangu, ya kushoto. Naomba isiitwe ushujaa, maana nilisikia mtu akilitumia neno hilo pale getini. Nilikwenda kutubu, na toba yangu ilihitaji nusu kaputi. Daktari alituonya wote wawili: kilicho kibovu kiko kwenye damu, na figo mpya inaweza kushambuliwa kama za mwanzo. Nilisaini kabla hajamaliza sentensi. Siku mbili za kwanza figo haikutoa hata tone, na marehemu akanitumia ujumbe kutoka wodi ya pili: "Hii kitu yako huwa inaamka saa ngapi?" Siku ya tatu iliamka. Alikunywa glasi nzima ya maji mbele ya mume wake, taratibu, kisha akaomba nyingine ili tu aiangalie.

Tulipata miaka miwili na miezi mitano. Alishona, alisafiri, alirefusha mashati, alinenepa kihalali. Oktoba 2021 alinipigia simu kazini kwangu, bohari. Majibu ya maabara yalikuwa bado, lakini yeye alikuwa ameshapima.

"Ishirini na moja asubuhi," akasema. "Ishirini na nne jioni."

Niliacha kuhesabu magunia.

"Kaka, figo yako imeacha chuo. Mwaka wa pili, kama wewe."

Nilicheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Kisha nikawekwa chini na wenzangu wa bohari kwenye gunia, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kuacha kucheka na hakikuwa kicheko tena.

Alirudi kwenye kiti namba nne. Mwaka huu, tarehe 18 Februari 2024, alipatwa na homa kali iliyotokana na maambukizi ya damu. Alilazwa siku tatu. Alifariki tarehe 21 Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Mume wake alikuwa amemshika mkono. Mama alikuwa amekaa upande wa miguuni, amemshika kifundo cha mguu, kiganja kimekizunguka chote.

Marehemu ameacha mama, mume, kaka mmoja mwenye figo moja, shangazi, na wajukuu kadhaa wa paka yule, ambaye aliishi kwa shangazi mpaka 2016 na hakukubali kututambua tena. Ameacha pia nguo kumi na moja zilizokwisha kushonwa, zinaning'inia chumba cha mbele zikiwa na majina ya wenyewe. Tafadhali wenyewe waje. Pindo zimeachwa nene.

Mungu ampokee. Alale sasa pasipo sindano wala kikombe cha kupimiwa maji, na asiamshwe na mtu yeyote kupimwa presha.

Jambo la mwisho. Wasifu huu haukuwa hivi mwanzo. Januari mwaka huu marehemu aliniagiza niuandike akiwa hai, kwa sababu hakuiamini kamati ya mazishi. "Wataandika nilipenda watu wote," alisema. "Kuna wateja siwapendi." Niliuandika kwa wiki mbili, na Alhamisi moja nikamsomea kwenye kiti namba nne, mashine ikizunguka, yeye amefumba macho. Ile sehemu ya aleji niliiandika ndefu sana. Niliweka bango, benchi, kochi, kila simu niliyopokea, na mwisho nikaandika kwamba nitabeba miezi kumi na moja hiyo mpaka kaburini kwangu. Nilipofika hapo nikamwomba aniambie, kabla sijamaliza kusoma, kama amenisamehe au hajanisamehe.

Alifumbua macho. Akanyoosha mkono usiokuwa na sindano, akachukua karatasi, akavuta futi shingoni. Alipima aya yangu kutoka mstari wa juu mpaka wa chini, akahama, akapima nyingine, kisha akanirudishia karatasi.

"Wewe sentimita kumi na tisa," akasema. "Mama umempa nne."